Vilio vya Mama Hulda

Butembo, 14 Mei 2023

Yaya Abigaïl,

Nakusalimu sana, dada yangu, wewe na Mama, kutoka huku kwenye baridi. Niko salama, nakula vizuri, na mtu akija Beni akawaambia nimekonda msimwamini.

Najua utashangaa kupokea karatasi badala ya simu. Simu yangu iko kwenye comptoir, pale mezani pa kupokelea wateja. Ile ya atelier yetu ya kushona ilitumbukia ndani ya beseni la maji ya kupigia pasi, na Mama Hulda akaomba yangu kwa siku moja tu. Siku hiyo haijaisha mpaka leo. Wateja wote sasa wanapiga kwenye namba yangu, na mimi nikitaka kuwapigia ninyi naambiwa chaji ni ya kazi. Kwa hiyo nitakuwa naandika, na dereva wa taxi anayekaa karibu na kwetu atakuletea.

Acha nikueleze hii nyumba niliyoingia. Nilifikiri nimeajiriwa na mshonaji, kumbe nimeajiriwa na ukoo mzima. Mwenye atelier ni Papa Kataliko, mzee wa kanisa, mtu mpole ambaye hajui kukataa kazi. Ukimletea kitenge cha harusi ya kesho atakipokea na kukubariki. Dada yake ni huyo Mama Hulda. Yeye anakaa mbele na kupambana na wateja ambao kaka yake amewaahidi yasiyowezekana. Mke wa Papa, Mama Katungu, hashoni wala hauzi, lakini akikosa mtu wa kumenya viazi nyumbani anakuja kumchukua mshonaji. Juzi asubuhi Papa aliniambia nimalize majoho ya wanakwaya. Mama Hulda akaniambia niache joho, nishone sketi ya binti wa pasta. Kabla sijabadilisha uzi, Mama Katungu akaniita nikafue mapazia. Nikamuuliza Papa nimsikilize nani. Akanitazama kama nimeuliza jambo la ajabu.

"Ubasikilize bote, mutoto. Hii ni famille."

Lakini hayo yote ni madogo. Kilichonitoa macho ni kingine. Nyuma ya comptoir kuna msumari, na kwenye msumari kuna kitambaa cheusi. Siku yangu ya kwanza, mama mmoja alikuja kuchukua nguo yake, naye alikuwa amekasirika kwa sababu ilikuwa mara ya tatu kurudi. Nguo ilikuwa haijakatwa hata kidogo. Mama Hulda akakichukua kile kitambaa, akajifunga kichwani, akainamisha uso na kusema kwa sauti ya chini kwamba wako na kilio, bibi yao amefariki Lubero. Yule mteja akageuka mtu mwingine. Akamshika mkono, akasema pole, akaomba msamaha kwa kuja na kelele, akaondoka akitembea polepole kama anatoka makaburini.

Mimi nililia, yaya. Nililia kwa kweli, maana unajua machozi yangu yako karibu. Mchana nikaenda nyumbani kwa Mama Katungu kumpa pole. Alicheka mpaka akakaa chini. Yule bibi alikufa kabla yeye hajaolewa.

Basi ndivyo kazi inavyokwenda hapa. Nguo ikichelewa, mtu anakufa. Bibi wa Lubero ameshakufa mara nyingi tangu nifike, na kuna shangazi mmoja ambaye naogopa kumwonea huruma sasa. Hakuna mteja anayebisha. Nani atamwuliza mtu mwenye kilio habari ya vifungo?

Sasa habari nzuri. Mama Agar wetu wa Beni alipita hapa na vitenge vya kwaya ya Mamas kwa ajili ya Jubile ya kanisa letu, na Papa akapokea, kama kawaida yake. Niliomba kazi hiyo iwe yangu. Libaya la Mama, ile blauzi ya kitenge, nitalikata kwa mkono wangu mwenyewe. Mwambie anitumie vipimo, na aseme kama anataka mikono mipana.

Mdogo wako,
Kasonia

Beni, 28 Mei 2023

Mdogo wangu Kasonia,

Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikaimalizia nimekaa. Mama alikuwa pembeni anachagua maharagwe, akaniomba nimsomee. Nilimsomea habari ya baridi, ya mapazia na ya kitenge. Ile habari nyingine niliiruka, na wewe usiiweke tena kwenye barua bila kunionya, maana sina ujuzi wa kusoma na kuficha kwa wakati mmoja.

Unacheka, nami nimeshindwa kucheka. Kasonia, umesahau neno hilo la kilio lilivyoingia kwetu? Kaka yetu Maliro aliondoka kwenda Kamango kununua kakao, amevaa koti lake la buluu, akasema atarudi kabla ya Jumapili. Aliyerudi ni mtu tusiyemjua, na maneno machache: walivamiwa njiani, wote wameisha. Hakuna mwili. Hakuna hata kiatu. Wewe uliona jinsi Mama alivyokataa. Kila asubuhi alikuwa kwenye parking ya magari ya Kamango, anauliza madereva, mpaka madereva wakaanza kumkimbia. Watu walisema amechanganyikiwa. Ni Noeli iliyopita tu ndipo alikubali tuketi kilio na kumwombea mwanawe kama watu wanavyoombewa. Tangu hapo analala usiku. Amerudi kwenye kwaya. Amekubali kuvaa rangi.

Watu wanaochezea jambo hilo ili kupata wiki moja ya kushona sketi, mimi siwaelewi. Nakuomba, kama huwezi kuondoka hapo, basi waambie. Wewe ni mgeni, najua, lakini mdomo unao.

Vipimo vya Mama nimeviandika nyuma ya karatasi hii. Ndiyo, anataka mikono mipana. Alinifanya nimpime mara mbili kwa sababu mara ya kwanza alikuwa amevuta tumbo. Anaimba jikoni sasa, sauti ya pili, ileile aliyokuwa akiimba zamani, na akiniona nasikiliza ananyamaza na kujifanya anapuliza moto. Siku ya Jubile nataka nimwone na libaya lile, amesimama mstari wa mbele. Sitaki kitu kingine mwaka huu.

Ni mimi dada yako,
Abigaïl

Butembo, 25 Juni 2023

Yaya Abigaïl,

Nimekusikia, na nimesema. Nilingoja atelier ibaki tupu, nikamwambia Mama Hulda kwamba kwetu tumemlilia mtu bila kaburi, na kwamba moyo wangu unauma ninapoona kile kitambaa kinashuka kwenye msumari. Hakukasirika. Aliendelea kupanga vifungo, akanijibu kwa utulivu kabisa.

"Miye siuwake mutu, mutoto. Bale bote nasemaka balikufaka zamani. Nabakufisha tu tena kidogo."

Nikarudi kwenye mashine. Nimekuwa nikilifikiria jibu lake tangu siku hiyo.

Usifikiri ni mtu mbaya. Akipika sombe, yale majani ya muhogo, ananiwekea sahani kubwa kuliko ya mtoto wa kaka yake, na nilipopata homa alinifunika kwa koti lake. Lakini nafikiri amesema maneno hayo kwa muda mrefu mpaka hayana uzito tena mdomoni mwake. Na ajabu ni kwamba Papa Kataliko hajui lolote. Yeye anakaa chumba cha nyuma akikata suti, masikio yake yameanza kuwa mazito. Jumapili baada ya ibada watu wanapanga mstari kumpa pole, naye anashukuru mmoja mmoja. Anafikiri wanampa pole ya magoti yake yanayomuuma.

Mama Agar alipita wiki iliyopita kuangalia kazi ya kwaya. Nilisikia sauti yake nikainuka kumsalimu, na nilipofika mbele nikakuta Mama Hulda ameshafunga kitambaa. Safari hii ni mjomba. Mama Agar akanigeukia, akanikumbatia, akaniambia pole mwanangu na ninyi hapa kazini. Nikajibu asante. Sijui kwa nini nilijibu asante, yaya. Maneno yalitoka yenyewe, nami nikabaki nimesimama na sindano mkononi kama mjinga.

Msiwe na wasiwasi juu ya kazi ya kwaya, inaendelea. Libaya la Mama liko tayari upande wa kifua, nimeweka ule mshono wa shingo ambao anaupenda. Mabega yamebaki na mikono.

Mama Katungu anasema viazi vyao vya Masereka vimeiva, na kwamba wasichana wa atelier watakwenda kusaidia kuvuna kwa siku chache. Papa alisema kazi ya kwaya kwanza. Mama Hulda akasema joho kwanza. Nadhani unajua ni nani ameshinda. Nikirudi nitamalizia mikono.

Mdogo wako,
Kasonia

Beni, 27 Julai 2023

Kwa Papa Kataliko,
mwenye atelier, Butembo

Papa,

Nakuandikia kwa heshima, na unisamehe kama maandishi hayako sawa. Mimi ni Abigaïl, dada mkubwa wa Kasonia aliyekuwa anashona kwako.

Jana Mama Agar, rais wa kwaya yetu, alirudi kutoka Butembo akilia njia nzima. Alikuwa amekwenda kuchukua nguo za Jubile. Aliambiwa hazijaisha, akasema safari hii hatatoka mlangoni mpaka amwone yule msichana anayezishona, maana anamjua tangu yuko mgongoni mwa mama yake. Hapo ndipo dada yako alimwambia kwamba Kasonia alikwenda Masereka, akashikwa na homa huko, akafa.

Sikuamini, Papa. Nilimkatalia mbele ya watu. Nilipiga namba ya Kasonia, nikisema atajibu mwenyewe na tutacheka. Mwanamke akajibu. Nikamwuliza Kasonia yuko wapi. Akasema, "Mama, tuko na kilio ya Kasonia," na akakata. Nikapiga tena na tena. Simu inalia, hakuna anayeshika.

Mama yetu alisikia yote, kwa sababu nilikuwa nimeweka sauti ya nje. Hakupiga kelele. Aliingia chumbani, akavua kikwembe chake cha maua, akatoka na kile cheusi ambacho tulikuwa tumekikunja Noeli. Sasa amekaa kwenye mkeka na wanawake wamejaa uani. Haulizi kitu. Hilo ndilo linalotutisha.

Papa, hatukuja kutafuta kosa la mtu. Hatuulizi kwa nini mtoto wetu alikuwa Masereka badala ya kwenye mashine. Tunaomba kitu kimoja: mwili. Kama alizikwa huko, mtu atuonyeshe mahali, vijana wa kanisa watakuja. Kaka yetu tulimlilia bila kumwona, na mama yetu hawezi kufanya hivyo mara ya pili. Naongea kama mtu anayemjua.

Na kama lile libaya alilokuwa anamshonea Mama bado lipo, tunaliomba pia, hata kama halijaisha. Mama anataka kuona kazi ya mkono wake.

Kwa unyenyekevu,
Abigaïl

Butembo, 28 Julai 2023

Yaya,

Mimi ni mzima. Naandika tena: mimi ni mzima, sina homa, sina hata mafua. Mwambie Mama sasa hivi, kabla hujasoma mstari unaofuata.

Kama mtu atasema barua hii imeandikwa na mwingine, mwambie Mama kwamba alama ya goti langu la kushoto ni wewe uliyeniunguza na pasi ya makaa, na tukamdanganya kwamba nilianguka kwenye mawe. Hilo tunalijua wawili tu.

Yaya, sijui hata nianzie wapi. Nimerudi kutoka Masereka leo asubuhi, udongo bado uko kwenye kucha. Siku chache za Mama Katungu zilikuwa karibu mwezi. Kila tukimaliza shamba moja kulikuwa na jingine la binamu yake. Nilikuwa sijakaa vizuri kwenye mashine kijana mmoja wa moto aliposimamisha pikipiki yake mlangoni na kuleta bahasha. Papa Kataliko akaifungua, na kwa sababu miwani yake ilikuwa imebaki nyumbani akaniita nimsomee.

Nikamsomea. Niliona mwandiko wako nikafurahi. Nikasoma "aliyekuwa anashona kwako" nikafikiri umekosea tu. Niliendelea kusoma kwa sauti, kama mtu anayesoma tangazo la kanisa, mpaka nilipofika mahali mnapoomba mwili. Mwili wangu. Nilikuwa nausoma huku niko ndani yake. Niliiweka karatasi mezani. Wasichana wote walikuwa wameacha mashine. Papa akaniambia, "Soma tena," nami nikasoma tena tangu mwanzo.

Mama Hulda alikuwa mlangoni. Nilimgeukia nikitegemea ataanguka, au atakimbia, au atasema si yeye. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekamatwa amekula sukari.

"Mais ilikuwa tu kilio ya siku kidogo," alisema. "Ungerudi, batu bangekuona, ingeisha."

Nikamwuliza kwa nini mimi. Akasema yule mama wa Beni alikuwa ameshamaliza bibi na mjomba, alikataa kutoka, na yeye hakuweza kumwambia mshonaji yuko kwenye viazi vya familia, ingekuwa haya kwa kaka yake. Nikamwuliza na ile simu uliyoipiga wewe, yaya, je. Akasema Mama Agar alikuwa ameondoka na habari, sasa angesemaje kitu kingine? Watu wangesema nyumba hii inadanganya. Aliniambia hivyo, yaya, bila hata kupepesa macho.

Papa Kataliko alikaa juu ya mzigo wa vitambaa. Kisha akauliza, kana kwamba anajiuliza mwenyewe, "Donc zile pole zote za ku kanisa zilikuwa za bafu, za bale balikufaka?" Nilidhani atamfukuza dada yake, au angalau atampigia kelele. Alisema tuombe. Tukaomba. Baada ya amina akasema ni famille, hayo yataongelewa nyumbani.

Nilitaka kuja leo hiihii. Papa akasema ni aibu kuingia kwenye uwanja wa kilio mikono mitupu baada ya kosa kama hili, kwamba nije na nguo zote za kwaya, atalipa gari yeye mwenyewe. Na kweli, yaya, usingeiamini hii atelier kama ungeiona sasa. Papa anakata, wasichana wote wanashona kazi moja, Mama Katungu anapiga pasi, Mama Hulda anaweka vifungo na hakuna anayemtuma mtu popote. Hii ndiyo mara ya kwanza naona nyumba hii ikifanya kazi. Ilibidi nife.

Mikono ya libaya la Mama naimalizia mimi. Nataka aniguse na aliguse siku ileile. Keshokutwa mapema niko hapo. Yule kijana wa moto anangoja barua hii, ameshawasha.

Mzima kabisa,
Kasonia

Beni, 29 Julai 2023

Kasonia,

Acha mashine, njoo leo.

Niliilia barua yako mpaka majirani wakafikiri kuna mwingine amekufa. Nilimsomea Mama mbele ya wote, na habari ya goti nikakiri. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema barua inaweza kuandikwa na mtu yeyote, na siri ya mtoto unaweza kuisikia ukikaa naye kazini. Akaomba maji, akageukia ukuta.

Tangu jana hajala. Hatutaki nguo, hatutaki vifungo. Panda gari lolote linalokuja, au moto, uje kama ulivyo.

Abigaïl

Beni, 21 Agosti 2023

Mdogo wangu Kasonia,

Natumaini umefika salama Butembo kuchukua vitu vyako, na kwamba wamekurudishia simu na ile mashine ya kushonea uliyotoka nayo hapa bila maneno mengi. Usikubali hata kikombe cha chai kabla hujavitia kwenye gari.

Nataka kukuandikia mambo ambayo sikuweza kukuambia ulipokuwa hapa. Uliposhuka kwenye ile moto na kuingia uani, wanawake watatu walikimbia na mmoja akaangukia sufuria. Mimi mwenyewe nilishindwa kusimama. Mama tu ndiye aliyekuja kwako akitembea kawaida. Alikushika masikio, akakushika mabega, akapiga magoti akakutazama lile kovu. Kisha akaanza kuimba, na uwanja wa kilio ukageuka sherehe, ule ugali wa waombolezaji tukaula kwa kucheka. Ulilala pembeni yake na kila mara niliposhtuka nilimwona ameweka mkono juu ya kifua chako.

Ulirudi Butembo ukiamini mambo yamekwisha. Nami niliamini hivyo.

Lakini unakumbuka siku ya Jubile? Ulimpigia Mama pasi libaya ulilokuja nalo, ukaliweka kitandani, na yeye akatoka na nguo yake ya zamani. Alisema kuna joto, mikono mipana itamsumbua. Alisimama mstari wa nyuma. Wewe ulihuzunika kidogo, nikakutuliza kwamba ni uzee. Kasonia, hapakuwa na joto siku ile.

Asubuhi uliyoondoka alifungua sanduku, akatoa koti la pili la Maliro, lile la kahawia. Akalifua na kulianika. Kesho yake, nilipoamka kuwasha moto, hakuwepo. Nilimkuta kwenye parking ya magari ya Kamango. Amerudi pale kila siku tangu hapo. Hajachanganyikiwa, ndiyo maana nakuandikia. Ana utulivu kuliko Noeli. Anawauliza madereva kwa adabu, anawashukuru, anarudi nyumbani kupika, na anapika sahani moja zaidi.

Nilimwuliza kwa nini. Alisema nichukue kalamu, ana neno la kumwandikia Mama Hulda, na nisibadilishe chochote. Nimeandika kama alivyosema. Nilipomaliza nilitoka nje nikatembea mpaka barabarani.

Nimeiweka ndani ya bahasha hii. Mpe mkononi mwake. Kama hana miwani, msomee.

Dada yako,
Abigaïl

Beni, 21 Agosti 2023

Mama Hulda,

Miye niko mama ya Kasonia. Sijue kuandika muzuri, ni Abigaïl njo anaandika vile miye nasema.

Sikuandikie juu ya kasirani. Kasirani ilikuyaka, ikaenda. Nilishika mutoto wangu mu mikono, nikasikia anapumua, na ile siku nilikuombea hata weye. Kasonia ananiambia ulimufunikaka na koti yako wakati alikuwa mugonjwa. Wasingya, aksanti kwa ile.

Niko na swali moja tu, na hapa hapana mutu wa kunijibu.

Niko na mutoto mwingine, mwanaume, jina yake Maliro. Alienda ku Kamango kununua kakao. Kisha mutu moja alikuya hapa ku nyumba. Hatukumujua. Alivua kofia, akainamisha sura, akasema na sauti ya chini kama balibaua bote mu njia, na Maliro alikuwa kati yabo. Miye sikumuuliza kitu. Mutu akikuletea kilio, haumuulizake. Nilimupatia maji, akakunywa, akaenda. Na miye nikamulia mutoto wangu juu ya ile maneno tu ya mutu moja.

Mama Hulda, weye unajua hii kazi. Unajua vile banafunga kitambaa, vile banainamisha sura, vile sauti inashuka mupaka mwenye kusikia anaogopa kuuliza. Kasonia alituonyesha hapa mu nyumba, batu bakacheka, na miye nikaona sura ya yule mutu.

Donc nakuomba, mama mwenzangu, unisaidie kufikiri. Yule mutu, nani alimutuma? Pengine Maliro iko anatumika kazi kwa famille fulani kule, na habaelewane, huyu anamutuma huku, huyu anamutuma kule. Pengine kazi ya mutu ilichelewa, na mwenye kazi akakuya kumuulizia. Pengine bako naye mu mashamba. Pengine simu yake iko ku comptoir, na kila tukipiga hapana mwenye anaijibu juu banaona haya kubadilisha maneno.

Batu banasema nimerudia ile ugonjwa yangu ya zamani. Hapana. Zamani nilikuwa nakataa tu, sina sababu. Sasa niko na sababu, na ni weye uliniletea.

Kama unajua batu bengine benye kufanya sawa weye, ku Kamango ao fasi yote, ubaulize juu ya miye. Bambie tu ile ya kweli, sitabakasirikia, sawa sikukukasirikia weye. Miye niko nangojea. Libaya ya jubile nimeikunja muzuri na kuiweka mu sanduku, mutoto aliishona muzuri sana. Nitaivaa siku Maliro atafika.

Ni miye,
Mama Maliro